Harufu ya javeli ku masomo: namna gani tulazimishe usafi yenye haiue kifua ya batoto?

MamaNdosho (Goma)

Bandugu, habari ya magaribi. Munivumilie, hii ujumbe itakuwa murefu kidogo. Niko na batoto bane, babili beko nasoma ku primeri moja ya prive apa Goma (jina naacha, sitaki matata), na tangu rantre bazazi balinichagua mu komite. Swali yangu ni hii: kuko njia ya kulazimisha masomo (shule), na si masomo tu, ata biro ya serikali na santre ya afya, ioshwe na bintu yenye haichome kifua ya batu na haiharibu maji yetu? Nasema kulazimisha, si kuomba, juu kuomba nilisha omba.

Kisa njo hiki. Juma tatu nilifika mapema kupeleka franka ya ekzame, nikasikia batoto beko nakohola kule nyuma upande ya choo. Nikazunguka. Ni batoto ya klase ya tano, beko sita hivi, na kandambili ku miguu, juu ilikuwa zamu yao. Moja anamwanga javeli, ile maji ya klori ya kuoshea, ku sima, mwenzake iko na kachupa ka asidi, ile banatumikishaka ya kutosha madoa ya manjano, naye anamwanga pale pale juu ya javeli. Moshi ya kuonekana sana hapana, lakini kitu ikanikamata ku koo sawa mutu ananikaba, na macho ikaanza kutoka machozi nikiwa tu ku mulango. Nikabatosha bote inje mbio. Moja alikuwa mutoto wangu, iko na miaka kumi, usiku ule hakulala vizuri, kukohola mpaka saa nane.

Mama mwenye banalipaka kwa usafi alikuwa pale, torsho ku bega, akaniambia "mama, mimi nilisha zoea, kifua yangu iko hivi tangu zamani", na anasema vile anakohola.

Direkteri si mutu mubaya, simulaumu sana. Aliniambia muzazi akiingia bila kusikia harufu ya javeli atasema masomo ni chafu. Akaongeza: "Na kolera je? Na Ebola, ulisha sahau?" Pale nikakosa jibu, juu kweli mwezi wa 7 ya 2019 wakati Ebola ilifika apa Goma, ni ile maji ya klori ku kila mulango njo tulikuwa natumainia. Sitaki kuokoa kifua halafu nizike mutoto na kolera.

Kitu ingine: hii javeli balinunua Birere, iko mu chupa ya maji ya kunywa, haina etiketi, haina kitu. Ilikuwa imesimama ku dirisha kando ya chupa ya mwalimu ya maji ya kweli. Chupa ya aina moja, kifuniko ya rangi moja.

Sasa kule ingine banafanyaka namna gani? Kuko sheria? Tuandike nini mu regleman ya masomo?

Wa_Kadutu (Bukavu)

Sha mama, pole sana ya mutoto. Lakini niseme yenye iko ku roho: hii ya usafi ya ekolojia ni mambo ya inchi yenye robine ikifunguliwa maji inatoka. Kwetu apa kuko masomo choo moja inangojewa na batoto wengi kupita kiasi na maji inapanda mulima mu bidoni ya litre 20 ku mugongo ya mutu. Unataka kuambia ule direkteri achague sabuni yenye jani ya kijani ku etiketi? Tupate kwanza maji.

Na sheria, mama, sheria tuko nazo. Desemba 2017 dekre ilikataza sashe za plastiki inchi nzima. Shuka soko ya Kadutu kesho, nunua nyanya, utaniambia balikufungia mu nini.

MwalimuShimi (Lubumbashi)

Mama Ndosho mi niko mwalimu wa shimi apa Lubumbashi, nasoma hii yako naona ngozi inasimama. Ile kiloko ilikukamata ku koo haiko harufu ya uchafu na haiko nguvu ya dawa, ni gazi ya klori yenyewe. Javeli ukiichanga na asidi, klori yenye ilikuwa imefungwa mu maji inafunguka inatoka inje. Gazi ile ile njo Badoche (Wajerumani) balifungulia basoda pa Ypres kule Ubelgiji mwezi wa 4 ya 1915. Ile ilikuwa vita, hii ni batoto ba ya tano na kandambili. Na asidi haiko paka ile ya mu kachupa, vinegre ni asidi, ndimu ni asidi, ile dawa ya kutosha kutu ni asidi. Yote hii na javeli HAPANA, ata kidogo, ata kama mutu fulani alikuonesha mu video.

Sisi ba Katanga asidi hatuichezee, 2019 lori ya asidi iligongana na bisi ku barabara ya Kolwezi, batu balikufa vibaya, kila mutu huku anakumbuka.

Halafu kuko ya pili yenye batu habajue. Javeli inagombana na mukojo pia. Mu mukojo muko kitu ya ndugu ya amonia, ikikutana na javeli inatosha gazi ingine inaitwa kloramini, njo ile inachoma macho ku choo. Kwa hiyo direkteri wako anaposema harufu njo usafi, mwambie kinyume: choo yenye ilisha oshwa na sabuni ukipita javeli kidogo inanuka kidogo tu, choo chafu ukimwangia chupa nzima njo inanuka mpaka ku barabara. Harufu kali ni javeli inapigana na uchafu, na mikrobe beko wanaangalia tu.

Batoto bangu nabaoneshaka hivi. Bilauri mbili za maji, moja safi, moja natia kijiko ya udongo wa bustani na majani yenye kuoza. Natia javeli sawasawa mu zote mbili, tunangoja nusu saa, halafu matone ya wino ya bic ya buluu (beko wanajua sana javeli inafuta wino, ni hao hao banafuta pwe mu bulete, wasijifanye malaika). Mu bilauri safi wino inapotea. Mu ile ya udongo inabakia buluu. Javeli yote ilisha kuliwa na uchafu! Mutoto akiona ile, huna lazima ya kumueleza tena kwa nini sabuni inapita kwanza.

Bukavu_ku_Hartford

Mimi ni wa Bukavu, nilizaliwa Ibanda, sasa niko Hartford, Connecticut, Marekani, na kazi yangu ni kuosha masomo usiku, mwaka wa sita huu. Kwa hiyo hii jambo mama anauliza mimi naishika na mikono kila siku.

Apa jimbo yetu ilitunga sheria mu 2009, na kuanzia tarehe 1 Julai 2011 masomo yote ya serikali lazima itumie bidhaa za usafi zenye cheti ya kwamba hazizuru sana watu na mazingira. Cheti haitolewi na mwenye kuuza, inatolewa na mashirika ya pembeni, kama Green Seal yenye iko tangu 1989. New York ilitangulia, sheria yao ni ya 2005. Illinois ilifuata 2007, na ile ya Illinois njo napenda nimuambie papa wa Kadutu: inaruhusu masomo imalize kwanza bidhaa zenye ilisha nunua, haisemi mutupe, na kama masomo inaona gharama itapanda, inaandika barua kila mwaka inajieleza. Sheria yenye inajua mufuko ya mutu.

Sasa sikia mama, hii njo jibu ya direkteri wako. Sheria ya Connecticut inagusa sabuni ya kila siku, ya vioo, ya sakafu, ya choo. Dawa ya kuua mikrobe haimo mu ile lazima ya cheti. Maana hakuna mutu alisema muache kuua mikrobe. Wanasema tu, usitumie risasi pale kofi inatosha.

Na kuko kitu mbili mu hii sheria zenye hazilipishi hata franka moja. Ya kwanza, kila mwaka masomo inapatia wafanyakazi, na wazazi wenye wanaomba, karatasi: tunatumia bidhaa hizi, jina yao ni hizi, tunazitumia wapi, saa gani. Ya pili, hakuna muzazi wala mwalimu anaruhusiwa kuleta dawa yake ya usafi kutoka nyumbani. Mwalimu moja wa batoto badogo alikuwa na vitambaa vyake vya javeli mu kabati, mzuri kabisa yule mama, tulivitoa, alikasirika wiki nzima. Lakini ndiyo hivyo, kama kila mutu analeta yake, nani anajua nini imechangana na nini?

Mwaka wangu ya kwanza nilikuwa nawaza nafanya kazi mbaya, juu nikimaliza kuosha hakuna harufu. Sisi tulikulia mu krezili, ile dawa kali ya kuua mikrobe, unajua, hospitali ni krezili, kanisa siku ya Pasaka ni sira na petroli ku sima mpaka kichwa inauma. Nilikuwa napita mara mbili mara tatu. Shefu wangu, muzee moja wa Porto Rico, aliniambia ukisikia harufu, maana yake kitu imebakia mu hewa na batoto watakivuta asubuhi.

Na ile mama ya usafi musimusahau. Mu 2018 watu wa chuo kikuu cha Bergen, Norvege, walitosha utafiti, walifuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa miaka 20, wakaona mapafu ya wanawake wenye kufanya usafi inachoka haraka kuliko ya wenzao. Batoto wanavuta ile hewa saa chache. Yeye anavuta miaka.

Wa_Kadutu (Bukavu)

Ndugu wa Hartford nimekusikia, ile ya karatasi ni nzuri. Lakini nani atalipa? Prive ya mama sawa, bazazi banatoa. Masomo ya serikali tangu gratwite ya 2019 direkteri haruhusiwe kuomba muzazi wa primeri franka, na ile ya kutoka Kinshasa inafika wakati inapenda kufika. Mutamulazimisha anunue cheti ya nini? Ataandika ndiyo ku karatasi, halafu batoto bataendelea kushika chupa.

Hijieni_Himbi (Goma)

Habari zenu wote. Mimi nilikuwa katika timu ya usafi na maji wakati wa Ebola hapa Kivu Kaskazini, tangu mwezi wa 8 mwaka 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 walipotangaza mwisho. Klori nimeikoroga mpaka nguo zangu zote za kazi zilipauka. Niongee kidogo juu ya dozi, kwa sababu hapa watu wanamwaga tu.

Wakati ule kulikuwa na klori ya namna mbili na watu wanazichanganya hadi leo. Ya mikono ni 0.05 kwa mia, dhaifu sana. Ya matapishi, damu, maiti, choo cha mgonjwa ni 0.5, mara 10 zaidi. Ile unga ya klori, HTH, yenye nguvu ya 70 kwa mia, kijiko cha supu kimoja kilichosawazishwa katika bidoni ya litre 20 kinatoa ya mikono, vijiko 10 vinatoa ile kali. Vyombo na vipini vya milango wakati wa kolera, 0.2 inatosha: kama javeli yako kweli ni ya 5 kwa mia, ni mililita 40 kwa kila litre ya maji, yaani bidoni nzima inakula chini ya litre moja. Direkteri wengi wanamwaga chupa ya litre moja kwenye choo kimoja!

Nimesema "kama kweli ni ya 5" kwa sababu ile ya kwenye chupa ya maji bila etiketi hakuna anayejua ni ya ngapi. Javeli inakufa kwa jua na joto. Ikikaa wiki kadhaa kwenye meza ya muuzaji juani, unanunua maji ya chumvi yenye harufu. Ndiyo maana mtu akiona haifanyi kazi anaongeza, anaongeza, anaongeza asidi.

Kwa masomo, siku ya kawaida bila mgonjwa: fagia baada ya kunyunyiza maji kidogo, maana hii vumbi yetu nyeusi ya volkano ukiifagia kavu inakaa hewani na watoto wa pumu wanaisikia wa kwanza. Halafu sabuni na maji, brosi, suuza. Klori ya kumwaga hovyo sakafuni haina kazi pale. Mtoto akitapika ao akiharisha, hapo ndiyo klori inatoka kwenye kabati, mtu mzima anaishika, na magan (glavu) mikononi, anaiacha dakika 10 kabla ya kupangusa, madirisha wazi. Kuoga watu klori kwa pompe, sahau kabisa, OMS (Shirika la Afya Duniani) yenyewe ilisema mwaka 2020 wakati wa Covid kwamba mtu asipulizwe dawa kwa hali yoyote.

Na mazingira si mambo ya Wazungu, papa Kadutu, samahani. Hapa Goma chini ni jiwe la volkano, lina mianya, shimo la choo lenyewe haliendi mbali. Unachomwaga kinashuka, na sisi tunarudi kuchota ziwani.

KijanaMajengo (Goma)

Mimi kwetu nyumbani tulikuwa natumia jivu na brosi ku choo na hatujakufa 😂

Hijieni_Himbi (Goma)

@KijanaMajengo unacheka lakini madoa ya manjano ndiyo yanatoka hivyo, jivu, brosi ngumu na mkono. Asidi ni uvivu tu.

SabuniYaPanzi (Bukavu)

Hamjambo. Mimi napikaka sabuni apa Bukavu, mafuta ya mawese na soda kostiki, ile ya miche. Niongeze yangu juu naona munasema sabuni sabuni kama sabuni zote ni moja. Soda yenyewe ni hatari kuliko javeli, inakula ngozi, mimi niko na alama ku mukono hii apa ya 2014, lakini ikisha kutana na mafuta vizuri na sabuni ikalala wiki nne hivi, hakuna soda tena mule, inabakia sabuni na gliserini. Mutu anayekuuzia sabuni ya juzi yenye bado laini anakuuzia soda. Ya masomo mukate vipande, mulaze mu maji ya moto usiku, asubuhi iko sabuni ya maji ya kuoshea klase, haina rangi, haina parfe.

Musidanganyike na ile ya soko ya kijani yenye kunuka ndimu. Rangi haioshi. Parfe haioshi. Nilisha ona mutu anachukua sabuni ya maji ya kawaida, anaongeza rangi na picha ya jani ku etiketi, anaita BIO. Cheti hatuna apa kwetu, basi cheti yetu iwe ni kuuliza: hii imefanywa na nini? Mwenye kupika akishindwa kukuambia, usinunue.

Na mubebe bidoni yenu muje mujaze. Kila chupa mupya munanunua inaishia mu ziwa, na turbini za Ruzizi zinazibwa na hizo machupa, halafu tunashangaa kurenti inakatika.

Wa_Kadutu (Bukavu)

Ile ya kurenti sasa umenigusa kweli 😅 Sabuni yako niulizie bei inboks.

MwalimuShimi (Lubumbashi)

Shi kuko ata njia ya kutengeneza klori mwenyewe, papa Kadutu, kama unaogopa ya soko. Kuko kamashini kanaitwa WATA, kalitokea Geneva ku fondasyo Antenna, unatia mu maji yenye chumvi, gramu 25 kwa litre, unafunga ku batri ao ku panoo ya jua, kanatosha javeli ya gramu 6 ya klori kwa litre. Piga hesabu, ni 0.6 kwa mia, karibu sawa na ile kali ya ndugu ya Himbi, na ni mupya ya leo, unajua nguvu yake. Santre ya afya moja inaweza kupatia masomo tatu ine za karibu. Lakini paka mutu mukubwa njo anaishika, mutoto hapana.

Sheria_L2

Naingia kidogo tu upande wa sheria. Katiba yetu article 53 inasema kila mutu ana haki ya mazingira yenye afya na tena ana wajibu ya kuyatetea, halafu kuko sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011. Ya kutaja sabuni ya masomo kwa jina sijaikuta, lakini komite ya bazazi ikisimama juu ya article 53 haisimami mu hewa. Mama Ndosho, usingoje Kinshasa. Regleman ya ndani ya masomo ikisha sainiwa na direkteri na komite, njo sheria yenye utashika na mukono. Na barua ingine mupeleke ku prive zingine za kartie, muko komite tano sita, inspekteri atawasikia.

MamaNdosho (Goma)

Nimesoma yote, nimesoma na bwana yangu, nimesoma tena na direkteri ku telefone yangu, alivaa lunete akasoma polepole mpaka ile ya Ypres, akanyamaza, akasoma tena. Mungu abariki mwalimu wa Lubumbashi.

Tulikutana juma mosi. Tuliandika ukurasa moja tu juu papa wa Kadutu iko na haki, ukiandika nyingi hakuna mutu atafanya. Mutoto hagusi javeli, hagusi asidi, hagusi krezili, zamu ya batoto ni kufagia na maji kidogo na kupangusa madawati. Asidi haiingie tena mu parseli ya masomo. Kila chupa iko na etiketi na inafungwa mu kabati ya biro, ufunguo na direkteri. Klori ni ya siku ya mugonjwa, ao ya kolera kama santre ya afya inatangaza, na dozi imeandikwa ku bidoni yenyewe na marker, ile ya Hijieni. Na ku mulango ya biro tunabandika karatasi ya bintu yenye tunatumia, sawa vile kule Connecticut, ili muzazi asome. Ya biro ya serikali tumeacha kwanza, tuone kama yetu itatembea miezi mitatu, njo tutapeleka ku komite zingine.

Bazazi babili balikataa. Moja alisema tunabania pesa ya usafi tukule. Moja alisema bila harufu hatalipa frais, na yeye simuwezi, tulimuambia aje juma tatu saa kumi na mbili asubuhi aingie choo mwenyewe. Alikuja kweli. Akavuta hewa, akavuta tena, akaangalia sima, akasema "sasa mulimwanga nini?" Sabuni, papa. "Sabuni tu?" Akaenda bila kusema asanti lakini frais alilipa.

Direkteri alishikilia jambo moja: anataka sakafu ya biro yake pekee iendelee kunuka kidogo wakati wageni banakuya. Tulimuachia maganda ya ndimu mu sahani, mbali na kabati ya javeli, mita kadhaa, nilipima mwenyewe.

Swali moja imebakia, SabuniYaPanzi ao mutu mwenye anajua: magan za mupira apa Goma nakuta za kipimo kikubwa tu, mama ya usafi iko na mikono midogo, zinamuvuka kila anapoinama mu ndoo na maji inaingia. Bukavu kuko ndogo? Mutu mwenye anapanda boti juma tano anibebee ata pe tatu, nitamurudishia franka ku porti.

SabuniYaPanzi (Bukavu)

Ziko, pa Nyawera. Nitamupatia shemeji yangu, anapanda ya asubuhi. Niandikie rangi.

MamaNdosho (Goma)

Nyekundu ya choo, manjano ya klase.